Mpika Mbege

Usiku ule shuka lilikuwa na uzito wa bati.
Kidole gumba cha mguu wa kulia kilivimba, kikang'aa
kama ndizi iliyosahaulika juani,
na panya alipopita darini nililia,
hatua zake nilizisikia kidoleni.

Wifi yangu akasema nimekanyaga dawa ya mtu.
Marehemu Ndesario angesema ni baridi ya Uru.
Pale Mawenzi kijana wa koti jeupe akasoma karatasi ya damu:
"Mama, hii ni jongo. Asidi imejaa mwilini,
inaganda kwenye kiungo, ina ncha kama chupa iliyopondwa."
Nikamuuliza jina.
"Daktari Kileo."
Nikacheka mpaka kidole kikaniadhibu.
Kileo ananikataza kileo!

Akaandika. Maini, acha. Figo, acha.
Kisusio, acha, hata cha Krismasi.
Dagaa, mara mojamoja. Soda pia, acha
(sikujua kama soda naye ana kesi).
Mtindi, ruksa. Kahawa, ruksa; nikashukuru, maana iko shambani.
Maharage, kula.
Maji, maji, maji.
Mbege akaipigia mistari miwili chini.

"Mimi sinywi, daktari. Mimi naonja."
"Unaonja kiasi gani?"
Nikatazama ukuta.
Miaka thelathini na moja ya kuonja,
asubuhi pipa hili, mchana lile,
mteja akilalamika naonja tena mbele yake.
Ulevi wangu ulikuwa umevaa aproni.

Sasa anaonja Aikande, mkwe wangu.
Ulimi wake bado mtoto, haujui msesewe ukizidi.
Mimi nainama juu ya pipa, sikio karibu,
nasikiliza mapovu yanavyosemezana:
yakiharakisha, bado;
yakinong'ona, leta ulezi.

Mangesho ananitania kila Jumamosi:
"Mpishi asiyekula chakula chake, nani atamwamini?"
Namwambia, Mangesho, wewe unywe, ulipe,
kidole nitakilipia mimi.

Desemba wanangu walipanda kutoka Dar na mbuzi.
Kisusio kikachemka, moshi wake ukanifuata hadi chumbani
kama mtoto anayedai.
Nilikula ndizi na maharage. Nilikula kwa hasira.
Mjukuu akauliza, "Bibi, umeokoka?"

Jana Aikande alisema, "Imeiva."
Nikasema, "Bado."
Tukabishana, yeye na ulimi, mimi na sikio.
Nikachovya kidole, cha mkono, siyo kile,
nikakisogeza mdomoni. Kikasimama hapo.
Nikakinusa.
Nikakifuta kwenye khanga.
"Ongeza ulezi," nikasema, "konzi moja."

Kisha nikachukua kata yangu ya zamani,
ile yenye ufa ulioshonwa,
nikaijaza maji ya mfereji, nikanywa yote.
Kata haisahau. Maji yake hunuka mbege kidogo,
kwa mbali.
Hilo Daktari Kileo hakuliandika.