Gego la Mwisho

Taya hufika Nuuk ndani ya mfuko wa mkate,
limegandishwa, limefungwa kwa uzi wa nyavu,
na juu yake penseli ya baba:
Upernavik, tarehe tisa Machi, jike, mnene,
alikuwa peke yake.
Hilo la upweke halimo kwenye fomu.
Huliandika tu.

Nalichemsha kwenye sufuria kuukuu, mpini umekatika.
Nyama hujivua yenyewe, harufu hujaa ukumbini,
na Malthe wa ghorofa ya pili hubamiza mlango wake.
Kisha nang'oa chonge, nalipasua kwa msumeno
mwembamba kama ukucha wa mtoto,
na chini ya hadubini miaka inajipanga:
tabaka jeupe, jeusi, jeupe, jeusi,
kumi na moja, halafu kikomo, halafu risasi ya baba.

Ulimi hauna mfupa, husema utakalo.
Jino halina ulimi.
Nachimba unga, haba kuliko chumvi ya kuonjea,
mashine inaupima usiku kucha:
naitrojeni nzito, naitrojeni nyepesi,
kaboni ya ufukweni, kaboni ya kilindini.
Kila mlaji hubeba uzito wa mliwa,
na mliwa wa mliwa wake,
hadi chini kabisa kwenye ukungu wa kijani
unaoota tumboni mwa barafu.

Tabaka la kwanza huwa juu kuliko yote.
Miaka miwili nililiona kosa la mashine,
mpaka nilipomnyonyesha Nivikka.
Anyonyaye humla mamaye.
Kwa majuma sita mwana wa sili ni mwindaji,
daraja moja juu ya aliyemzaa,
kisha siku moja maziwa yanakatika
na mstari unaporomoka
kama mtu aliyekosa ngazi gizani.

Kwa sili huyu, mwaka wa saba una jambo.
Chewa mdogo wa barafuni katoweka mezani,
kaingia samaki mwingine, mgeni.
Nikampigia baba kwa furaha ya mgunduzi.
Akakohoa.
"Kapelini," akasema. "Wa kusini.
Niliwakuta matumboni mwao, wamejaa tele.
Mwaka ule barafu haikubeba mbwa hata mara moja.
Ungeniuliza."

Mwezi wa Mei gego langu la mwisho likaoza.
Daktari alilitupa kwenye kisahani,
mimi nikalitia mfukoni, na damu yake.
Jumapili, maabara tupu, nikalipasua
kama la sili yeyote.

Sehemu ya juu, nipo pale pale na dubu:
ini bichi, ngozi ya nyangumi, mafuta kidevuni.
Halafu mteremko.
Umri, takriban kumi na tano.
Bweni la Aalborg. Viazi. Nguruwe. Viazi.
Bi Kirstine anahesabu vijiko.
Kila barua niliyomwandikia mama ilisema
sijambo, nakula, nimenenepa,
naye alikuwa akiwasomea majirani.
Aliziweka zote kwenye kopo la biskuti.
Namba hizi sikumwonyesha mtu,
na mama hayupo tena wa kuonyeshwa.

Wanataka kunitia jino la bandia.
Jino la pembe si dawa ya pengo,
na pengo hili nimelizoea, ulimi hulitembelea.
Ila tangu hapo nilacho hakina daftari,
kinaandikwa kwenye kucha na nywele,
navyo hukatwa, hufagiliwa.

Julai nilipanda ndege kwenda nyumbani.
Baba alipakua mbavu, mchuzi ukifuka,
akaniona natafunia upande mmoja.
Hakuuliza.
Aliivuta sahani yangu,
akaikata nyama upya, vipande vidogo vidogo,
akairudisha.