Kanda ya Jiko

Santuri imefika leo ndani ya bahasha ngumu,
nzito kama sahani ya harusi.
Pembeni wameandika: Toleo Rasmi. Sauti Imesafishwa.
Naisoma nimesimama mlangoni, koti bado mwilini,
najiuliza wamesafisha nini,
maana uchafu wenyewe nilikuwa mimi.

Wuppertal, Novemba ya sabini na tatu.
Treni inaning'inia chini ya reli yake, juu ya mto,
kama nguo iliyosahauliwa kambani.
Eckart ana kinasa sauti tumboni, kimebanwa na mkanda wa suruali.
Waya umepanda ndani ya shati, umetokea shingoni,
umeingia kwenye kola ya koti langu la manyoya,
koti la mama, linanuka dawa ya nondo.
Yeye walimpapasa. Mimi walinipisha.
"Usipumue sana," aliniambia.

Wale wanne kutoka Bochum walipiga kama watu wanaodaiwa kodi.
Ngoma ilinigonga mbavuni,
na nyuma yetu mtu alikohoa kikohozi cha mgodini
nyimbo tano nzima, bila kukosa mdundo.
Ya sita, taa zikashushwa.
Mpiga gitaa akabaki na uzi mmoja tu,
akaugusa kama mtu anayeonja uji kwa kidole.
Watu elfu mbili, kimya.
Hapo ndipo nilipokumbuka.
"Eckart," nikamnong'oneza, "umezima jiko?"

Maikrofoni ilikuwa nusu shubiri kutoka mdomoni mwangu.

Kanda ikazaa kanda. Nakala ya nakala ya nakala,
kila kizazi kikipoteza jino:
besi ikawa mtu anayeburuta kabati chumba cha jirani,
matoazi yakawa mafuta ya kukaangia.
Swali langu, Mungu anisamehe, halikufifia.
Lilifika Utrecht, likafika Osaka.
Kijana mmoja wa Leipzig alituandikia
kwamba nyumba nzima hulisubiri, kisha hulitamka kwa pamoja,
kwa lafudhi yangu ya Barmen.
Wachuuzi waliiita Kanda ya Jiko.
Eckart hakuuza hata moja. Aliibiwa alichoiba.

Sasa kampuni imeinunua kwa mkusanyaji wa Kassel,
na fundi wa Köln, Malte Overbeck, amekaa nayo miezi saba.
Ameeleza humo ndani, kwa herufi za sisimizi,
alivyorudisha kasi, alivyoondoa mvumo
"na kelele za ukumbini zisizohitajika".
Naweka sindano.

Nisiseme uongo: ni nzuri.
Besi ina miguu. Ina na viatu.
Kwa mara ya kwanza namsikia mwimbaji akimeza mate,
namsikia mpiga ngoma akikosea, wimbo wa pili, akacheka.
Mkohoaji amepona.
Wimbo wa sita. Uzi mmoja. Kidole kwenye uji.
Nafumba macho. Linakuja.

Halikuja.
Mahali pake wameshonea ukimya wa rangi ileile,
kazi safi, hata mimi nisingeuona mshono
kama si mimi niliyekatwa.

Nilitaka kukasirika, sikujua pa kuanzia.
Swali wamelifuta. Jibu halikuwahi kunaswa,
si na wezi, si na wenyewe:
Eckart aliitikia kwa kichwa, ndiyo, nimezima,
na kichwa kikiitikia hakitoi sauti.

Hakuwa amezima.
Tulirudi saa saba usiku, ngazi zote zinanuka dengu zilizoungua,
Bi Kaltenbach wa ghorofa ya chini amesimama na ndoo.
Sufuria ninayo. Kitako chake kina duara jeusi;
nimelisugua kwa majivu, kwa siki, kwa magadi,
na Eckart sasa ana miaka minne makaburini.
Halitoki.
Asubuhi nachemshia yai humo.