Kanda Nambari Kumi na Saba

Kuopio, Januari. Saa tatu asubuhi na bado giza.
Navaa visikizio, nabonyeza kitufe,
na Tauno Riekki anakohoa sikioni mwangu
kama mtu anayebisha hodi nyumba aliyokwisha kuingia.

Dakika kumi, ndivyo utaratibu unavyotaka.
Swali ni moja: Hebu nieleze, ulifikaje hapa?
Kazi yangu ni kusikiliza uzi unapokatika,
kuandika dakika na sekunde,
na kuupa kila mkatiko alama, sifuri hadi nne.

"Nilipanda basi," anasema. Sifuri.
"Basi la buluu, na dereva ana deni." Moja.
"Deni ni mdomo wa Jumatano."
Narudisha kanda. Narudisha tena.
Mdomo wa Jumatano. Mbili? Tatu?
Mwongozo una mifano thelathini
na hakuna hata mmoja wenye Jumatano.

Kisha sauti inashuka, inapata mwendo:

     Nimekuja na barafu,
     barafu ina sarufi,
     sarufi yaniarifu
     mama kafumwa kwa sufu.

Nahesabu kwa vidole: nane, nane, nane, nane.
Mizani hiyo haimo kwenye fomu.
Vina vimo, safu ya tano:
mgonjwa huchagua neno kwa mlio, si kwa maana.
Naandika nne kwa penseli
na mkono unasita,
kwa sababu bibi yangu, kule Karelia,
aliwalilia maiti kwa maneno yaliyoshikana kwa mlio tu
na watu wakamlipa siagi.

Mirja hupima kanda hizohizo chumba cha pili
bila kuona alama zangu.
Tukiachana mbali tunakaa na kahawa, tunabishana.

"Nimempa nne," anasema.
"Mama yake alikuwa mfumaji. Imo kwenye faili.
Walimkuta Machi, theluji ilipoyeyuka,
sweta limemganda mwilini."
Mirja anakoroga kahawa isiyo na sukari.
"Najua. Lakini aliulizwa alifikaje hapa."
"Labda ndivyo alivyofika."
"Aune, hatupimi ukweli.
Tunapima umbali wa neno hadi neno."

Tukaiacha nne.

Nami sitaki umhurumie Tauno upesi,
wala unichukie mimi:
nne ile ilikuwa sahihi.
Usiku wa Alhamisi alitoka na viatu vya kulalia
kuitafuta sarufi ziwani, juu ya barafu,
na muuguzi alikuwa macho mlangoni
kwa sababu ya fomu yangu.

Kanda ya kumi na nane, wiki sita baadaye:
"Nilipanda basi. Nilishuka hospitalini.
Dada yangu alinishika mkono."
Sifuri, sifuri, sifuri.
Sentensi zimepangwa kama viatu kizingitini.
Nilisikiliza dakika zote kumi, hata kimya cha mwisho,
mashine ikizunguka bure.
Mama hakutajwa.

Jioni Eero ananiuliza siku ilikuwaje.
Naanza na giza, naingia kwenye siagi,
siagi inanipeleka kwenye sweta,
sweta kwenye yule dereva mwenye deni,
halafu nasimama, kijiko hewani,
swali limenitoka.

Eero ananiongezea supu ya samaki.
Anangoja nirudi.