Kitabu cha Wageni

Dada wa mapokezi, Sechelela kwa kibandiko cha kifuani,
ananisogezea kitabu na kalamu iliyofungwa uzi:
jina, kazi, utokako, uendako, siku utakazolala.
Naandika Damari Mbeleje. Mstaafu. Tanga.
Penye *uendako* kalamu inasita,
kisha napiga kistari,
kama walivyopiga wote walionitangulia.

Elfu arobaini na tano, chai ya asubuhi ndani yake.
Ufunguo una kibao kipana kuliko kiganja
ili mtu asiusahau mfukoni akafika nao Singida.
"Mara ya kwanza Dodoma, mama?"
"Nilipita zamani."
Uongo mdogo, umenitoka kabla sijauonja.
Nilizaliwa ng'ambo ya reli, kutembea dakika kumi.
Ndugu wapo, Miyuji wapo, Nkuhungu wapo,
lakini kwa ndugu hulali, unahojiwa,
nami nimefuata faili la mafao tu,
na faili, naambiwa, limehamia Mtumba.

Chumba namba kumi na mbili.
Runinga imekazwa boliti ukutani kana kwamba ina miguu.
Bomba la mvua lipo, na chini yake ndoo nyekundu imejaa,
maana mji huu haujawahi kuliamini bomba.
Darini mshale wa karatasi unaonyesha kibla;
ndani ya mtoto wa meza, Agano Jipya
na mswaki wa mtu.

Dirishani Uhindini inachemka:
bajaji, msumeno unaokata alumini,
muuza zabibu anayeshusha bei kadiri jua linavyoshuka.
Kwenye paji la jengo la mbele walichonga 1951.
Kampuni ya simu imepaka rangi yake juu,
lakini ile namba ina mbavu, bado unaihesabu.

Na jengo hili nililolala
lilikuwa duka la vitambaa la Jivraj.
Baba alishona barazani, cherehani ya tatu kutoka mlangoni,
magoti yakipanda na kushuka
hata usiku, hata usingizini, mama akimlalamikia.
Suruali moja, shilingi sita na thumuni.
Usingizi umegoma, basi napiga hesabu:
usiku wangu mmoja hapa
ni suruali elfu sita mia tisa ishirini na tatu,
na chenji thumuni.

Saa saba naliona pazia.
Pindo limefumuka shubiri mbili, linaburuza sakafuni.
Nageukia ukuta. Najigeuza tena.
Hatimaye nawasha taa, nalipanda kiti, nalishusha.
Sindano ninayo kwenye pochi siku zote;
uzi ni mweusi, pazia rangi ya maziwa,
lakini saa saba ya usiku nani auze uzi?
Nashona hadi treni ya mizigo inalia kule stesheni,
hadi adhana inaikuta sindano
imebakiza inchi moja.

Baraza ni chumba cha kulia sasa, kioo na vigae.
Nachagua meza yangu kwa kuhesabu kutoka mlangoni.
Tikiti, yai, chapati iliyopoa pembeni.
Ncha ya kiatu inapapasa chini,
inatafuta vile vishimo vinne vya miguu ya chuma
ambavyo mimi nilivijaza vifungo, nikachapwa.
Vigae havina habari.
"Umedondosha kitu, mama?" anauliza kijana wa chai.
"Hapana," namwambia. "Kifungo."
Anainama kweli, maskini, anatafuta.

Narudisha ufunguo. Chini ya jina langu
tayari kuna mtu wa Manyoni, na kistari chake.
"Ukija tena Dodoma ufikie kwetu," anasema Sechelela,
"wenyeji hawatujui, lakini wageni wanatupenda."

Ndani ya bajaji nageuka kutazama juu.
Dirisha la kumi na mbili liko wazi, upepo umelitoa pazia nje,
na kutoka barabarani, kupita vumbi lote lile,
mshono mweusi unaonekana.
Baba angeniambia nifumue.