Maiti Alipumua

*Droo ya Chini, Sehemu ya Pili* iliisha saa nne na robo usiku.
Taa za ukumbi ziliwashwa majina hayajamaliza kupanda,
na mimi, niliyekuwa wa kumi na nane,
nikamezwa na mwanga.

Nje ni Duluth, mwezi wa pili,
ziwa limeganda hadi macho yanapokomea.
Watu hawaondoki upesi, magari sharti yapashwe moto,
basi husimama barazani mwa sinema
midomo ikifuka kama mabirika.
Nikasimama nao, kofia hadi kwenye nyusi.
Nani atamtambua maiti aliyevaa nguo?

"Ya kwanza ilikuwa bora," akasema Arvid Kettunen, muuza matairi.
Ile ya kwanza aliiponda huyu, mlangoni hapahapa,
akataka arudishiwe pesa.
Sasa kaifanya marehemu: haitajwi ila kwa wema.

Pa Nhia akahesabu kwa vidole vya glavu:
ya mwanasesere, hapana;
ya kuvu ukutani, nusu;
ya dereva wa gari la kukwangua theluji,
hiyo ingetosha kuwa filamu nzima.
"Lakini droo, jamani! Bibi anafungua, anatoa kitu,
anasimulia, anafunga. Mara nne!
Mwenye akili angeshaipigilia misumari."

Nikacheka nao.
Droo yenyewe ni ya shangazi yake Orrin, mwongozaji,
ilikuwa ikikwama,
tukawa tunaipaka sabuni kila tukirudia.

Damu wakaisema ni juisi ya bitiruti.
Si kweli. Ni sharubati ya mahindi na rangi ya keki,
ilinishika nywele wiki nzima.
Sikusema.

Kisha kijana mwenye skafu ya kijani:
"Na ile ya bafu? Mlimwona maiti? Alipumua!
Tumbo lilipanda hivi, nimeliona kwa macho yangu."
Kicheko kikapita barazani kama sahani ya bisi.
"Dola elfu kumi na moja,
hata maiti wa kukaa kimya hakupatikana!"

Ilikuwa mara ya tisa kurudia.
Maji yalikuwa yameshapoa, mtungi wa gesi umekwisha,
nikahesabu hadi thelathini na nane
kifua kikanisaliti.
Orrin akasema: nani atatazama tumbo
kisu kikiwa upande wa kushoto?
Duluth nzima, Orrin. Duluth nzima ilitazama tumbo.

"Mimi hapo ndipo nilipoogopa."

Alikuwa Verna Maki, aliyekuja kwa ajili ya mpwa wake,
mshika kipaza sauti.
"Kwingine kote nilikuwa nakula bisi zangu.
Usiku Reino alipokata roho
nilikaa naye hadi alfajiri, natazama shuka.
Shuka ukilitazama sana, hupanda.
Nikamwita muuguzi, akaja na kifaa chake, akasikiliza.
Nikamwita tena.
Mara ya pili hakuja na kifaa.
Alikuja na kiti."

Pakawa kimya.
Mtu akagonga viatu kutoa theluji ambayo haikuwapo.
Yule wa skafu ya kijani akatafuta funguo
katika mfuko aliokwisha kuutafuta.
"Hata hivyo," Arvid akasema, kwa sauti ya chini,
"ya kwanza ilikuwa bora,"
akamshika Verna kiwiko, ngazi zinateleza.

Walipita karibu yangu.
Nilitaka kusema: mama, lile ni kosa, maji yalikuwa baridi.
Nilitaka kusema: mama, ni mimi.
Nikashusha pumzi tu,
ikatoka nyeupe, nene, mbele ya uso wake,
naye akasogea kidogo
kuipisha.