Karatasi ya Mashine Namba Nne

Kiwanda kilipofungwa tulipewa barua.
Niliipapasa kabla ya kuisoma:
gramu tisini, ya mashine namba nne,
ile inayokwaruza kidogo ukingoni.
Tulifukuzwa kwa karatasi yetu wenyewe.

Miaka ishirini na saba
niliigeuza misonobari ya Maine kuwa kurasa.
Sasa kila Jumanne na Alhamisi, saa kumi na mbili jioni,
nakung'uta theluji viatuni mlangoni mwa chuo
nikajifunze kutunza wagonjwa wasio na ukurasa.

Samaki mkunje angali mbichi, ndiyo.
Mimi nina miaka hamsini na mitatu,
nimekaushwa kwa mvuke wa mitambo,
nikikunjwa nalia kama kuni.
Bi. Achorn, mwalimu wetu, ana umri wa binti yangu.
Hasemi faili, asema rekodi.
Hasemi umekosea, asema ingizo halijathibitishwa.
Wiki ya kwanza nilisahau nywila mara tano,
mfumo ukanifungia nje kama mlevi.

Jirani yangu darasani ni Gérard Ouellette,
zamani akiendesha winchi ya magogo.
Vidole vyake havijui kugusa, vinajua kushika.
Alibonyeza saba, zikatoka tatu,
na mgonjwa wetu wa kubuni
akawa na kilo mia saba sabini na saba.
Tulicheka hadi tukashika mbavu.
Mfumo haukucheka.
Uliuliza tu, kwa maandishi mekundu:
Una hakika?

Kule kiwandani
hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo.

Kisha misimbo.
Kila ugonjwa na nambari yake, kama nyumba za mtaa.
Kuna msimbo wa kuteleza kwenye barafu,
wa kuanguka ngazini,
wa kung'atwa na bata, Mungu wangu, wa kung'atwa na bata.
Upo hata msimbo wa mtu asiye na kazi.
Huo niliukariri usiku mmoja.

Machi walitupeleka hospitali kwa mazoezi,
chumba cha chini, mabomba yakilia juu ya vichwa,
rafu baada ya rafu za majalada ya kahawia.
Ng'oa pini. Nyoosha kona. Lisha skana.
Tazama kwenye skrini kama mwandiko unasomeka.
Kisha karatasi inakwenda kwenye kisagio,
na kisagio kinaguna, kinatema nyuzi,
ile rojo yetu ya zamani, ila kavu.

Siku ya tatu, herufi P.
Nikashika jalada, nikaliona jina:
Pelletier, Léontine.
Mama.

Kanuni tuliisoma wiki ya pili, nikaijibu vizuri kwenye mtihani:
usifungue usichotumwa kufungua,
hata kama ni damu yako,
hasa kama ni damu yako.
Mama alikufa akiniambia ni tumbo tu.
Miaka kumi na moja nimekaa na hilo tumbo tu.
Lilikuwa mkononi mwangu, zito kama mkate,
limefungwa kwa utepe wa mpira ulioanza kuoza.

Nilimpa Gérard.
Nikageuka nikatazama ukuta,
kalenda ya mwaka jana, picha ya mnara wa taa.
Nilisikia skana ikimeza kurasa.
Nilizihesabu. Arobaini na mbili.
Katikati alisita, mara moja, kwa muda mrefu.
Sikugeuka.

Kisagio kilipomaliza
alikuja akasimama kando yangu,
mikono mifukoni, ile mikono mikubwa isiyo na mahali.
Asingeweza kuniambia, nami nisingemuuliza.
Akakohoa.
"Karatasi nzuri," alisema.
"Ya namba nne. Inakwaruza ukingoni."

Tukarudi kwenye herufi P.
Bado zilikuwa rafu sita.