Ami Ghalib na Warumi

Kitabu kilifika Sinaw bila jalada,
kimeviringwa ndani ya kanzu, sandukuni,
pamoja na cherehani na picha za Bujumbura.
Katuni ya Kifaransa: Warumi, kofia za chuma,
mwokaji mikate mfupi, mkewe mwenye sauti,
na kikosi kizima kikiteleza juu ya unga.

Sisi tulikuwa na Kiarabu cha shule na Kiswahili cha jikoni.
Kifaransa alikuwa nacho Ami peke yake,
alikipata kwa masista, kwa fimbo.
Basi kila Alhamisi, soko la ngamia likishavunjika,
tulimbana chini ya kiyoyozi kinachodondokea beseni:
Ami, leo wamefika wapi?

Jemadari wa Kirumi
aliongea kama karani wa baladia:
"Njoo kesho. Leta nakala tatu. Muhuri huu umefifia."
Askari kanasa kichwa ndani ya tanuri, miguu juu:
"Mtaka cha mvunguni," Ami akapiga paja,
"huyo keshainama!"

Kisha karamu. Mnyama juu ya moto,
mnono, mkia umejikunja.
"Mbuzi," akasema Ami.
Shangazi Raya akachungulia, akavuta ushungi.
Mbona hana pembe?
"Wameanza nazo."
Mbona pua yake bapa?
"Kagongana na Mrumi."

Mimi nikaenda Maskati, nikajifunza Kifaransa,
mchana ofisini, jioni darasani,
hata nikakifungua kitabu mwenyewe.
Jemadari hakudai nakala hata moja.
Mke wa mwokaji, aliyewasuta Warumi robo saa nzima
kwa maneno ya kanga,
kumbe kwenye kiputo alisema "Ah!"
Basi.

Na zile kurasa mbili
Ami alizozifunua pamoja kila tulipozifikia,
akisema zimegandana kwa chai,
hazina chai.
Mwokaji anafunga mlango. Unga ameuacha.
Ufunguo anautia mfukoni
kama mtu atakayerudi Ijumaa.

Nilikaa nazo kidogo.
Kisha nikarudi nyuma, kwenye karamu, nicheke,
nikaona nisichowahi kukiona:
juu ya kichwa cha yule mnyama
pembe mbili za penseli,
zimefutwa, zikachorwa upya,
ya kushoto fupi.
Mkono ni wa Shangazi Raya.